Muulize Afande: Hapsikodi, endingidi na vijana wa mashati ya lesi

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu bendi za vijana wa Ulaya na Marekani wanaopiga pop kwa violini, honi (ya muziki, si ya gari) na hapsikodi, nikadhani nimemaliza. Barua zimekuja, na nyingine zina moto. Kwa wasomaji wageni: mimi ni mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya askari, mtoto wa kambi, Kiswahili changu nilikipata kambini Jinja pamoja na uji. Muziki nilifundishwa kwa noti na kwa fimbo. Nikisifu kitu, nakisifu kwa masikio ya mtu aliyesimama juani na tarumbeta mkononi akimsubiri mgeni wa heshima aliyechelewa.

Afande, salaam. Tunakaa wawili chumbani. Mwenzangu kila usiku anafungulia nyimbo za zamani na za sasa zilizochanganywa, na katika nyingi kuna ala inayolia kama vijiko vinavyoangushwa kwenye sinia. Wimbo mmoja unamtaja msichana aitwaye Renée. Yeye anasema hii ni "pop ya baroki", mimi nasema ni muziki wa mazishi ya Wazungu. Nani mkweli? Na ala yenyewe ni nini?
*Mwanafunzi, hosteli ya Kikoni, Kampala*

Kijana wangu, vijiko vyako ni hapsikodi. Kwa nje inafanana na piano, ndani ni mambo mengine kabisa. Ukibonyeza piano, nyundo ndogo inaupiga uzi. Ukibonyeza hapsikodi, kijino kidogo, zamani kilitengenezwa kwa unyoya wa ndege, kinauvuta uzi na kuuachia. Kwa hiyo ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Wapigaji wake ilibidi watafute njia nyingine ya kutia hisia: kuichelewesha noti kidogo, kuipamba, kuzimwaga noti moja moja badala ya kuzipiga zote pamoja. Ilitawala Ulaya zama za Bach na Handel, kipindi kinachoitwa baroki, takriban 1600 hadi 1750. Mwitaliano Bartolomeo Cristofori akatengeneza piano mjini Florence karibu na mwaka 1700, na taratibu hapsikodi ikasukumwa pembeni.

Ikaja kuibuka tena miaka ya 1960, safari hii kwenye studio za pop.

Wimbo wako wa Renée ni "Walk Away Renée" wa bendi ya The Left Banke ya New York, mwaka 1966. Mpiga kinanda wao, Michael Brown, alikuwa bado kijana wa shule, miaka 16 hivi. Baba yake, Harry Lookofsky, alikuwa mpiga violini wa studio, na studio waliyorekodia ilikuwa ya baba. Hapo umeshaelewa mambo yalivyokwenda: mtoto ana wimbo, baba ana violini na marafiki wenye violini. Renée alikuwa mtu wa kweli, mpenzi wa Tom Finn, mpiga besi wa bendi hiyohiyo. Brown alikuja kusimulia kwamba siku ya kurekodi hapsikodi msichana alikuwa palepale studio akitazama, mikono ikamtetemeka, ikabidi arudi baadaye amalizie sehemu yake. Ulifika nafasi ya 5 Marekani. Usiku wa leo mwenzako akiufungulia, achana na vijiko kwanza, sikiliza besi chini: inashuka hatua kwa hatua huku sauti ya mwimbaji inabaki juu. Huo mshuko ni mali ya baroki kuliko hata hapsikodi yenyewe. Ukiutoa, wimbo unabaki wa kawaida tu.

Kuhusu mazishi, huna kosa kubwa. "Eleanor Rigby" ya Beatles, mwaka huohuo wa 1966, kweli ina mazishi ndani yake na hakuna anayehudhuria. Wapigaji ni wanane: violini nne, viola mbili, chelo mbili. Beatles wenyewe wanaimba tu, hakuna aliyeshika ala. Mtayarishaji wao George Martin ndiye aliyeandika noti, na fundi wao wa sauti Geoff Emerick akasogeza maiki karibu mno na nyuzi, jambo lililowaudhi wapigaji wa violini, maana kila mkwaruzo unasikika. Ndiyo sababu violini za wimbo ule zinauma. Zingerekodiwa kwa mbali, kiungwana, zingekuwa pazia la nyuma.

Na sasa niruhusu niseme la kwangu, kwa sababu ukurasa ni wangu. Mwaka 1967 Paul McCartney wa Beatles aliona kwenye televisheni tarumbeta ndogo sana ikipiga Bach, akataka sauti ileile kwa ajili ya "Penny Lane". Wakamwita David Mason, mpiga tarumbeta wa okestra. McCartney akaimba anachotaka, Martin akakiandika, Mason akakipiga. Tarumbeta ile ina bomba la nusu ya urefu wa tarumbeta tuliyozoea, inalia oktava moja juu (kutoka do hadi do ya juu yake), na haina huruma: mdomo ukilegea kidogo tu, kila mtu anajua. Mimi nimepiga nyimbo za taifa za nchi ambazo hazipo tena kwenye ramani, lakini kipande kile cha Mason sijawahi kukithubutu mbele za watu. Utaona hakijawekwa pale kuupendezesha wimbo. Kina maneno yake. Ukikiondoa, hadithi ya mtaa ule inabaki na pengo.

Kwa hiyo mwenzako ndiye mkweli kuhusu jina. Na zile nyimbo mpya anazochanganya humo, nadhani ni za ndugu wawili wa Long Island wanaojiita The Lemon Twigs, au za The Last Dinner Party wa London. Nimewaweka kwenye barua ya mwalimu wa Masaka huko mbele, ambaye ana ugomvi nao.

Afande, jambo. Sisi ni bendi ya watu wanne: gitaa, besi, ngoma, na dada anayeimba huku akipiga kibodi ya kuazima kanisani. Tunataka sauti hiyo ya violini na hapsikodi lakini hatuna hata mpini wa violini. Studio tuliyoulizia imetutajia bei ya okestra tukarudi nyumbani kwa miguu. Tufanyeje?
*Mpiga besi, Walukuba, Jinja*

Mpiga besi wa Walukuba, mtu wa kwetu! Kaa vizuri, yako ni ndefu.

Kwanza ujue kwamba wengi wa hao mnaowahusudu nao walidanganya. Katika "In My Life" ya Beatles, mwaka 1965, kuna kipande katikati ambacho dunia nzima iliapa ni hapsikodi. Ni piano. George Martin aliirekodi tepu ikiwa kwenye mwendo wa nusu, oktava chini, kisha tepu ikarudishwa kwenye mwendo wake na piano ikatoka nyembamba na ya haraka. Leo programu ya bure ya kurekodia kwenye kompyuta inafanya hivyo kwa kubonyeza mara mbili.

Wengine ni The Zombies. Albamu yao "Odessey and Oracle", na ndiyo, jina limekosewa herufi na mchora jalada, waliirekodi 1967, sehemu kubwa kwenye studio ya Abbey Road mjini London, kwa bajeti ya pauni 1,000. Okestra hawakuwa na uwezo nayo. Walitumia Mellotron, kinanda ambacho chini ya kila kibonyezo kina utepe uliorekodiwa violini au filimbi, na utepe huo unakwisha baada ya sekunde 8 hivi. Ukiushikilia mno, sauti inakatika. Ikawalazimu kuandika mistari mifupi inayovuta pumzi, na ndiyo maana bado inapendeza masikioni. Bendi ilivunjika kabla albamu haijatoka Aprili 1968, na mwaka 1969 "Time of the Season" ikawa wimbo mkubwa Marekani, wakati wenyewe wameshatawanyika kutafuta kazi. Siwaambii hili kuwakatisha tamaa. Nawaambia ili mrekodi mapema.

Sasa kibodi ya kanisa. Tafuteni sauti ya hapsikodi, karibu kila kibodi inayo, imefichwa nyuma ya ogani. Kisha nendeni kwenye mipangilio mzime ile hali ya kibodi kuitikia nguvu ya kidole. Hapo ndipo wengi wanapokosea: kibodi inapaza na kupunguza sauti kama piano, na sikio linagundua uongo bila kujua limegundua nini. Pedali ya kurefusha sauti iondoeni kabisa, dada aifungie kabatini. Kodi asizipige kwa mkupuo (kodi za muziki, yaani noti kadhaa pamoja, si ushuru wa URA), azimwage kidole kimoja baada ya kingine. Na asipige wimbo wote. Hapsikodi ikilia dakika tatu mfululizo inachosha hata wafu. Iingie kwenye ubeti, inyamaze kwenye kiitikio, au kinyume chake.

Besi ni wewe. Umeshasikia nilivyomwambia kijana wa Kikoni. Kwa solfa, maana najua mmepitia kwaya: do, ti, la, so, fa, mi, re, so. Gitaa libadilishe kodi juu yako, wewe shuka ngazi pole pole bila kuruka. Huo ndio mwendo ulio chini ya "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum, 1967, ambayo hata bibi zenu waliicheza kwenye harusi. Usiongeze mbwembwe. Mpiga besi anayeruka-ruka anauvunja mshuko, na mshuko ukivunjika hata okestra ya London haiwaokoi.

Baada ya hapo mnahitaji ala moja tu ya kubishana na mwimbaji. Narudia, moja. Na hapa nashangaa kwa nini mnatafuta violini wakati mko Busoga. Endingidi ina uzi mmoja, inasuguliwa kwa upinde, na sauti yake ina ule mkwaruzo ambao Emerick aliutafuta kwa kusogeza maiki. Mpeni mzee anayeijua mstari mfupi wa noti tano au sita, si zaidi, uwe unajibu pale dada anapovuta pumzi. Rekodini mara tatu mstari uleule, kila mara mzee akisogea kidogo kutoka kwenye maiki, kisha mzipange pamoja. Hazitalingana sawasawa, na kutolingana huko ndiko kunakoleta hisia ya watu wengi. Lakini mwambieni atune kwa kibodi kwanza. Mkisahau hilo mtanilaumu mimi.

Adungu, kinubi cha Waalur, nayo inafaa sana, pengine kuliko yote. Nyuzi zake zinavutwa na kuachiwa, sawasawa na kinachotokea ndani ya hapsikodi, na shule na makanisa mengi yana seti nzima, kuanzia ndogo hadi ya besi, ambazo siku hizi zinatuniwa ngazi ya do-re-mi. Kwa hiyo inakaa na gitaa bila ugomvi. Amadinda na embaire, zile marimba za mbao za Buganda na Busoga, hapana, msiweke pamoja na kibodi. Si kwamba hazifai, ni kwamba zina ngazi yao ya noti tano, zilizoachana karibu sawa kwa sawa, na kibodi itazifanya zionekane zimekosea wakati kibodi ndiyo mgeni.

Ila chukueni akili ya amadinda. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapiga mstari wake, mwingine anachomeka wake katikati ya mapengo ya mwenzake, haraka sana, na msikilizaji anasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kati yao anayeupiga. Mzee Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, aliwafundisha hilo wageni waliokuja na madaftari, na wakaandika vitabu. Bach angekaa chini kusikiliza. Basi gitaa na hapsikodi yenu vifanye hivyo: gitaa likipiga kwenye mdundo, kibodi ijibu katikati ya midundo. Mkifika hapo hamtahitaji violini kwa miezi mingi.

Mkizidiwa na hamu ya violini ya kweli, pandeni taksi hadi Kampala. Kampala Music School inafundisha violini na chelo, na wanafunzi wakubwa wanatafuta pa kupigia. Kwa honi na tarumbeta ulizeni M-Lisada, kituo cha vijana kule Nsambya, vijana wao wa brass bendi wana midomo imara. Wapelekeeni noti zilizoandikwa au walau solfa, na nauli ya kwenda na kurudi. Msimwite mtu wa violini mkamwambia "piga chochote kitamu". Atapiga noti ndefu nyuma ya wimbo mzima, mtafurahi siku mbili, siku ya tatu mtagundua hakuna alichosema. Ala isiyo na neno lake irudi nyumbani.

Ngoma: punguzeni matoazi. Mkitumia kayamba na tamburini mnafika mbali zaidi. Na rekodini baada ya saa tano usiku, boda zikipungua.

Ndugu Afande, nimesoma sifa zako kwa bendi hizi nikashangaa. Vijana wa 2024 wanavaa kama 1966, wanaimba kama 1966, hata gitaa zao ni za 1966. Huu ni uigaji. Kijana wa Masaka akiiga Afrigo Band ya zamani, ninyi wahariri mtamwita hana ubunifu. Mbona Mzungu akiiga babu yake anaitwa msanii?
*Mwalimu, Masaka*

Mwalimu, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani.

Hao ndugu, Brian na Michael D'Addario wa The Lemon Twigs, wamekulia Hicksville, kisiwa cha Long Island, baba yao Ronnie akiwa mwanamuziki anayependa sauti zilezile. Kwao rekodi za miaka ya 1960 si za makumbusho, ni za sebuleni. Wametoa "Do Hollywood" mwaka 2016 wakiwa vijana wadogo, kisha mwaka 2018 wakaja na "Go to School", hadithi nzima ya muziki kuhusu sokwe anayelelewa kama mtoto wa binadamu na kupelekwa shule. Wewe mwalimu ungeipenda hiyo, au ungeichukia, hakuna katikati. "Everything Harmony" ya 2023 na "A Dream Is All We Know" ya 2024 ndizo zimewaweka watu wengi kwenye foleni yao. Sauti zao mbili zikipanda pamoja, nakiri, nasimamisha chai.

Lakini ziko nyimbo zao ambazo nikisikiliza naona koti tu. Kila kitu kipo mahali pake, gitaa, sauti za kuitikia, tamburini, na bado sijui kwa nini wimbo uliandikwa. Hapo wewe umeshinda. Uhodari wa kuiga upo hata kambini: nimewahi kukaa na mwenzangu aliyeweza kupiga solo ya mtu yeyote noti kwa noti, na siku tulipomwomba apige yake akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Hata hivyo swali lako limeegemea kwenye mwaka, na mimi mwaka haunisumbui. Beatles nao waliiga watu waliokufa miaka 200 kabla yao. Kwetu hapa, mtunzi Joseph Kyagambiddwa alichukua oratorio, hadithi takatifu inayoimbwa na kwaya na okestra, umbo la Handel lenyewe, akalijaza muziki wa Kiganda, akaandika oratorio ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Nani atathubutu kumwita Kyagambiddwa mwigaji? Ngoma zilikuwa na kazi, kwaya ilikuwa na kazi, hakuna kilichovalishwa.

The Last Dinner Party nawatetea zaidi. Ni watano, wa London, na albamu yao ya kwanza, "Prelude to Ecstasy", ilishika namba moja Uingereza Februari 2024. Inaanza kwa okestra peke yake, bila neno la mwimbaji, mlango wa kuingilia kama zilivyokuwa opera. Mtu mwenye haraka ataruka kipande hicho. Mimi ndicho kilichonifanya nikae, kwa sababu kinanionyesha kwamba hawa watu wanajua nafasi ya okestra ni wapi, na wanaipa dakika zake badala ya kuimwaga juu ya kila wimbo. Magauni yao siyajadili. Sisi bendi ya askari tulivaa kofia zenye manyoya.

Na kijana wa Masaka akiiga Afrigo ya 1975, mlete. Moses Matovu wa Afrigo na saksofoni yake bado wana mengi ambayo vijana hawajayamaliza. Nitamsikiliza kwanza sehemu ya ala za kupuliza, nikiona imeandikwa kwa akili, nitamtetea kwenye ukurasa huuhuu mbele yako.

Afande, mimi ni mzazi wa Arua. Binti yangu ameacha kwaya ya kanisa kwa ajili ya bendi ya namna hiyo. Anavaa blauzi ya lesi ya marehemu bibi yake na anarudi mazoezini usiku. Je, huu ni muziki au ni upotevu?

Mzee mwenzangu, ni mambo mawili, tuyatenganishe. La kurudi usiku ni lako, mwekee saa, na umpe simu ya kaka yake amfuate. La muziki ni langu: mwambie asiache kwaya. Sauti za kuitikiana kwenye muziki huu ni kazi ya kwaya tupu, na mtoto anayesoma solfa ana faida kubwa kuliko wenzake wote wa bendi. Blauzi ya bibi aivae. Bibi angefurahi, labda angeomba tu ifuliwe kwa mkono.

Afande, naandika nyimbo kwa Kiingereza kwa sababu kila nikijaribu Kiswahili au Lugisu, tuni za aina hii zinagoma. Kosa ni langu au la lugha?
*Mwimbaji, Mbale*

Dada, lugha haina kosa. Shida iko mwisho wa mstari. Tuni nyingi za Waingereza zinamalizia kwa noti ndefu yenye uzito, kwa sababu maneno yao mengi ya mwisho ni ya silabi moja nzito. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiimba "nakupenda" ukairefusha "nda", umemkanyaga Mswahili mguu. Irefushe "pe", kisha "nda" iangukie kwenye noti fupi ya chini. Maana yake tuni yenyewe ibadilike kidogo mwishoni, iwe na kamkia. Uandike tuni upya, usilazimishe maneno. Kwa Lugisu, mwimbie bibi yako mstari mmoja, umtazame usoni. Atakuambia kabla hujamaliza.

Kama unaogopa kwamba wageni hawataelewa, wale The Last Dinner Party wana wimbo unaoitwa "Gjuha" kwenye albamu yao hiyo ya kwanza, umeimbwa Kialbania, lugha ya wazazi wa mpiga kinanda wao Aurora Nishevci. Waingereza waliununua pamoja na zingine zote na hakuna aliyerudisha dukani.

Afande, nina bando dogo la wiki. Nitajie nyimbo chache za kuanzia, usinipe orodha ya maktaba.
*Fundi simu, Kabalagala*

Anza na "Walk Away Renée", kwa ajili ya besi. Fuata na "Eleanor Rigby", kwa ajili ya mkwaruzo. Tatu ni "For No One" ya haohao Beatles, 1966, fupi, karibu dakika mbili: Alan Civil anapiga honi ya Kifaransa na McCartney alimwomba noti iliyo juu ya mipaka ya kawaida ya ala hiyo, naye akaipiga. Tulipokuwa vijana tuliisikiliza mtu wa honi akiwa chumbani ili tumwone anavyobadilika rangi. Nne, "God Only Knows" ya Beach Boys, pia 1966, honi ileile ya Kifaransa inafungua mlango, na mwishoni sauti zinapishana moja juu ya nyingine hadi zinafifia. Ukibakiwa na megabaiti, chukua wimbo wowote wa "Everything Harmony" uone mwalimu wa Masaka ana haki kiasi gani.

Na wewe ni fundi simu, sina haja ya kukuambia: weka iyafoni. Spika ya simu haiitoi besi, na nusu ya niliyoyaandika ukurasa huu iko kwenye besi.